Mtoto wangu alionewa bodingi ya private, sasa nimpeleke serikali au abaki dei?

Mama Ibra (Tororo, Uganda) – Jumamosi, saa 2:14 usiku

Habari za jioni wote. Nina jambo linaninyima usingizi. Matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza msingi, yametoka na kijana wangu wa kwanza amepata agrigeti 11 (ikiwa ndogo ndiyo nzuri), Mungu ashukuriwe. Wiki mbili zijazo anatakiwa S.1, sekondari mwaka wa kwanza, na hapa nyumbani tumegawanyika. Baba yake anataka bodingi ya serikali, ile aliyosoma yeye mwenyewe. Mimi nataka dei hapa mjini, private, jioni arudi nimwone kwa macho yangu.

Sababu yangu ni hii. P.5 na P.6, darasa la tano na la sita, alikuwa bodingi ya private, fizi zake tuliuza ng'ombe wawili. Kila muhula anarudi hana kijiko, hana beseni, mara amebaki na ndara moja. Mimi namgombeza, wewe mtoto huna akili ya kutunza vitu, mpaka nikamnunulia vijiko vitatu nikavifunga pamoja na kamba. Sasa likizo moja tunakula nikaona mkono wa kushoto ameuzungusha kwenye sahani kama mtu anayekinga mshumaa na upepo, anameza hatafuni. Nikamuuliza nani anakunyang'anya chakula? Kimya. Ni dada yake ndiye aliyemwambia usiku. Wavulana watatu wa P.7, kila siku anawapa nusu ya posho yake, ugali wake, beseni lake ndilo wanaogea, na asipofua soksi zao analala sakafuni chini ya dabo deka. Mwaka na nusu. Na mimi nagombana na mtoto kuhusu kijiko.

P.7 nilimrudisha nyumbani. Sasa watu wote wananiambia private ni salama, serikali ndiko kuna fujo. Mimi niliyelipa private nashindwa kuelewa. Wenye uzoefu nisaidieni, uonevu uko wapi zaidi?

KijanaMbale – saa 2:31 usiku

Pole sana mama. Lakini mimi nasema serikali ndiko kuna balaa lenyewe. Nilisoma UPE, ile msingi ya bure ya serikali, P.4 yetu tulikuwa 118 darasa moja, ticha mmoja, sasa huyo ticha ataona nani amemfinya nani huko nyuma? Waliokaa mbele walisoma, sisi wa nyuma tulikuwa chini ya utawala wa jamaa mmoja mkubwa aliyerudia darasa mara tatu. Penseli yako yake, muhogo wako wake. Tangu UPE ianze 1996 shule zilijaa na hakuna aliyeongeza macho.

Ticha_Arua – saa 2:50 usiku

Kijana, ilianza Januari 1997. 1996 ilikuwa ahadi ya kampeni, na mwanzoni ilikuwa watoto wanne kila familia, baadaye wakafungulia wote. Sekondari ya bure, USE, ilikuja 2007. Kuhusu msongamano uko sahihi, nimefundisha huko.

Ila Mama Ibra, hilo neno serikali linatuchanganya. Namilyango ya 1902, Gayaza ya 1905, Budo na Kisubi za 1906, zote zilianzishwa na kanisa, leo serikali inalipa walimu lakini mzazi analipa fizi zinazoshinda private nyingi. Hizo nazo tunaziita serikali. Na ile ya UPE yenye darasa chini ya mwembe nayo serikali. Halafu private iko ya mabasi ya njano na iko ya mabati matatu nyuma ya soko. Ukiuliza serikali au private unauliza jina lililo kwenye geti. Mimi ningeuliza saa nne usiku taa zikizimwa ni mtu mzima gani yuko na watoto.

KijanaMbale – saa 2:53 usiku

Ticha hata usiku unasahihisha madaftari 😂 asante, 1997.

Hajati wa Kibuli – saa 3:20 usiku

Mimi nilikuwa matroni miaka tisa. Private ya bodingi, jina nitaliacha. Wasichana 140, matroni mmoja, chumba changu kiko mwisho wa jengo na katikati kuna mlango wa chuma. Mtoto akilia kitanda cha mwisho upande wa pili mimi sisikii, hata akipiga kelele nasikia kama redio ya jirani.

Siku moja nilikuta mtoto wa P.3 amemwagiwa maji kitandani usiku, si mara ya kwanza, na waliofanya nawajua. Nikaandika kwenye kitabu cha matukio. Asubuhi dairekta akaniita akasema Hajati ukurasa huu tuutoe, wazazi wakiuona wataondoa watoto, na wewe mshahara wako unatoka wapi? Akauchana mbele yangu, akaukunja vizuri akautia mfukoni. Sikusema kitu siku ile na mpaka leo roho inaniuma.

Kwa hiyo mkiona private haina kesi msidhani haina uonevu. Pale mtoto ni fizi. Aliyeonewa ni fizi na aliyeonea ni fizi, ukimfukuza mmoja umepoteza hela, ndiyo maana wanaambiwa mpeane mikono yaishe.

Mama Ibra – saa 3:27 usiku

Hajati umenitoa machozi. Ndivyo nilivyoambiwa na mimi, "mama ni michezo ya watoto, wamepeana mikono."

Mzee wa Kasese – saa 3:48 usiku

Wazazi wa leo mnawalea watoto kama mayai. Sisi S.1 mwaka 1984 tuliambiwa tupime bweni kwa kijiti cha kiberiti, kutoka mlangoni mpaka ukuta wa mwisho, ukikosea hesabu unaanza upya. Tuliambiwa tupulize balbu ya umeme izime kama mshumaa. Tulicheka, tukalia, tukakomaa. Leo ni wanaume wenye familia. Aliyenipimisha bweni ndiye msimamizi wangu wa harusi. Mpelekeni Ibra bodingi atoke mtu.

Dada Asienda (Lira) – saa 4:02 usiku

Mzee shikamoo, lakini hapo sikubaliani. Wewe uliyepimishwa bweni siku moja ukacheka nao, mtoto wa Mama Ibra alinyang'anywa chakula mwaka na nusu. Hivyo ni vitu viwili. Mdogo wangu alipelekwa bodingi na kopo la odii (siagi ya karanga na ufuta) kilo mbili, mama aliisaga mwenyewe, wiki ya kwanza wakubwa wakalimaliza kwa vidole mbele yake wakamrudishia kopo alioshe. Mpaka leo ana miaka 26 hali odii. Huyo alikomaa nini?

Jirani wa Malaba – saa 4:10 usiku

Huku upande wetu wa Kenya huyo mgeni wa kidato cha kwanza anaitwa mono, na mambo ni hayo hayo ya kupima kwa kiberiti, sijui nani alimfundisha nani.

Mhaya wa Bukoba – saa 4:15 usiku

Kwetu Tanzania anaitwa njuka. Njuka hana haki ya kukaa kwenye benchi 😀

Ticha_Arua – saa 4:33 usiku

Mkitaka kujua ilikotoka angalieni Uingereza. Shule zao za bweni za zamani, mfano Eton ya 1440, zilikuwa na utaratibu rasmi kabisa wa mwanafunzi mdogo kumtumikia mkubwa, kumpigia viatu rangi, kumchemshia chai, kumpashia kitanda moto. Wamisionari walipokuja na bweni, nyumba na maprifekti, mazoea ya mkubwa kutumikiwa nayo yakapata pa kukaa. Na kwa faida yenu, Waingereza hizo shule zao za kitajiri ndizo wanaziita "public school", kwa hiyo ukisoma habari zao kuhusu public na private jihadhari usije ukageuza maana.

Nubi_wa_Bombo – saa 4:51 usiku

Ticha Waingereza walishaondoka 1962, tusiwabebeshe na beseni la Ibra.

Mimi nina yangu. Nimekulia kambini, nyumbani Kinubi na Kiswahili. Nikapelekwa private nzuri tu, dei, haina bweni, viatu vyeusi na tai. Pale ukikamatwa unaongea lugha isiyo Kiingereza unavishwa mfupa. Mfupa wa ng'ombe wa kweli, umetobolewa umepitishwa kamba, unakaa nao shingoni mpaka umkamate mwingine naye anaongea umpasie. Mimi Kiingereza kilikuwa kinagoma, kwa hiyo ule mfupa ukawa wangu. Mapumziko watoto wananizunguka wanabweka kama mbwa, ticha yuko pale kwenye veranda anakunywa chai. Nani alinionea hapo, watoto au shule? Watoto walikuwa wanamaliza kazi aliyoianzisha ticha.

Na kosa langu lilikuwa Kiswahili. Ambacho katiba ilikifanya lugha ya pili rasmi kwa marekebisho ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likasema kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Harufu ya ule mfupa ukilowa mvua naikumbuka mpaka leo.

Dada Asienda (Lira) – saa 4:58 usiku

Banange. Na sisi tulivishwa gunia. Ukiwa na gunia hata rafiki yako anakukimbia.

Afande_Mstaafu – Jumapili, saa 1:05 asubuhi

Nimesoma yote asubuhi hii. Nimefanya kazi kitengo cha familia na watoto polisini, naomba niseme mawili.

Moja, kiboko shuleni ni marufuku. Wizara ilitoa waraka 2006, halafu sheria ya watoto ilipofanyiwa marekebisho 2016 ikaingia kwenye sheria kabisa. Pamoja na hayo nikienda shuleni kuongea kuhusu uonevu nakuta fimbo iko juu ya meza ya ofisi. Mtoto anaona kwamba mwenye nguvu akikasirika anapiga, akifika bwenini yeye ndiye mwenye nguvu. Tunamshangaa nini?

Mbili, wazazi mnadhani hakuna kesi kwa sababu ni watoto. Mtoto wa miaka 12 kwenda juu anaweza kujibu mbele ya sheria kwa kosa lake. Hao P.7 wa Ibra huenda walikuwa wameshafika. Sisemi wafungwe, nasema hedimasta anayewaambia mpeane mikono kwenye kesi ya kuumizana anaficha kosa. Iko namba ya bure ya kusaidia watoto, Sauti, 116, mtoto mwenyewe au mzazi anapiga. Ziko shule zinazobandika namba hiyo ofisini kwa hedimasta. Mtoto gani ataingia ofisini kuisoma? Ibandikwe pale wanapochota maji.

Mzee wa Kasese – saa 1:40 asubuhi

Afande bila fimbo hao wakubwa wa bweni utawazuia na nini? Waliondoa fimbo ndiyo maana maprifekti wamekuwa wafalme. Zamani ticha wa zamu akipita tu na fimbo yake bweni zima linalala.

Afande_Mstaafu – saa 1:44 asubuhi

Mzee wangu, 1984 fimbo ilikuwepo na bado ulipima bweni kwa kiberiti.

KijanaMbale – saa 1:46 asubuhi

😂😂 Afande amefunga kesi asubuhi na mapema

Mzee wa Kasese – saa 2:20 asubuhi

Hiyo umenishika. Lakini sijashindwa, nitarudi.

Esi_Siksi – saa 3:37 asubuhi

Mimi ndio nimemaliza UACE, mtihani wa mwisho wa S.6, juzi, bodingi miaka sita, shule ya serikali ya wavulana. Nyinyi wote mnaongea kama walioonewa au wazazi. Mimi nilionea watu na nitaeleza, mnitukane mkimaliza kusoma.

S.1 nilifanyiwa kila kitu. Niliogeshwa saa tisa usiku, sanduku langu lilivunjwa kufuli mara nne, grabu yote, vyakula nilivyotoka navyo nyumbani, ikaisha kabla ya wiki. Nikaripoti kwa wodeni. Wodeni akawaita, akawapa adhabu ya kufyeka, jioni wakarudi na mapanga yao ya kufyekea wakakaa kitandani kwangu hawasemi kitu, wananiangalia tu. Sikuripoti tena. S.2 wakaja wadogo, na kusema kweli kile kipindi nilikuwa nakisubiri kama krismasi. Nilikuwa na mtoto mmoja anatoka Karamoja, mrefu, mpole, nilimfanya anibebee jerikeni la lita 20 kila asubuhi muhula mzima. Hakuna siku nilimpiga. Sikuwa na haja. Wote walijua ni "wangu" na wengine walinisifu kwa sababu ana adabu.

Nilipofika S.4 aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, tunakula, kwamba ile S.1 yake alikuwa anaamka saa kumi ili nisimwite kwa jina mbele ya watu. Nilimwomba msamaha, akasema sawa. Sijui kama ilikuwa sawa.

Kwa hiyo sababu yangu mimi ni kwamba ni zamu. Kila mtu anasubiri zamu yake. Shule hata ikiwa ya nani, S.1 na S.2 wakilala bweni moja zamu itaendelea.

Hajati wa Kibuli – saa 3:55 asubuhi

Mwanangu umesema kitu kigumu. Sikutukani.

Dada Asienda (Lira) – saa 4:01 asubuhi

Mimi nitamtukana kidogo. Huyo mtoto kutoka Karamoja alitembea siku nzima kwenye basi kuja kusoma, akakuta wewe. Lakini asante kwa kusema ukweli.

Ticha_Arua – saa 4:30 asubuhi

Esi Siksi, yule mtaalamu wa saikolojia wa Norwei, Dan Olweus, anayehesabiwa baba wa utafiti wa mambo haya, alisema uonevu una alama tatu: unakusudiwa, unarudiwa rudiwa, na aliyeonewa hana nguvu sawa ya kujitetea. Kupigwa si lazima. Jerikeni lako linatosha zote tatu, na kiberiti cha Mzee pengine hakitoshi kama kilikuwa cha siku moja. Norwei walianza kampeni ya nchi nzima 1983 baada ya watoto watatu kujiua, na kilichosisitizwa ni watu wazima wote wa shule kuhusika, kusimamia mapumziko, kuongea na darasa zima, wala si kumtafuta mkorofi mmoja mkamfukuza. Na msidhani ni sisi tu Waafrika, UNESCO 2019 walisema karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alionewa na wenzake ndani ya mwezi mmoja.

Ila mimi nadhani tunasahau korona. Shule zilifungwa mwaka mzima, watoto wakakua, wakarudi darasa moja jitu la miaka 16 na katoto ka 11.

Afande_Mstaafu – saa 4:36 asubuhi

Ticha leo nami nikusahihishe. Machi 2020 mpaka 10 Januari 2022 ndipo zikafunguliwa kwa wote, hapo katikati madarasa mengine yalirudi kidogo kidogo. Karibu miaka miwili, hakuna nchi iliyofunga kuliko sisi.

Ticha_Arua – saa 4:38 asubuhi

Nakubali afande, ni kweli.

Nubi_wa_Bombo – saa 4:52 asubuhi

Lakini Ibra P.5 yake mambo ya korona yalikuwa yameshapita, na P.7 waliomwonea walikuwa watoto wa kawaida tu. Naona kila sababu hapa inashika kipande. Msongamano unaeleza UPE, hauelezi private ya watoto 30. Bweni linaeleza beseni, halielezi mfupa wangu wa dei.

Mama Latifa (Jinja) – saa 7:15 mchana

Nyote mmesahau hela. Binti yangu yuko private ya dei, nzuri, walimu wanawajua watoto kwa majina, hakuna fimbo, hakuna kupigwa. Lakini sisi ndio maskini wa darasa. Wenzake wanashushwa na gari, yeye anashushwa na boda. Wakaanza kumwita Stegi, yaani kituo cha boda. Siku ya bafdei kila mtoto amepewa kadi isipokuwa yeye, na kadi zinagawiwa darasani, ticha anatabasamu. Sasa hilo unaripoti wapi, 116? Anarudi anasema mama boda iniache kwenye kona nitatembea. Nikakubali. Anatembea kutoka kona kwa miguu kwenye vumbi, akifika getini anafuta viatu kwa soksi.

UPE walikuwa wote na shati lililochanika, huko angalau asingechekwa kwa boda.

KijanaMbale – saa 7:29 mchana

Mama Latifa, UPE tulichekana kwa kukosa viatu kabisa. Kila mahali iko ngazi yake.

Mzee wa Kasese – saa 11:10 jioni

Nimerudi kama nilivyoahidi. Nilimpigia yule msimamizi wangu wa harusi, nikamuuliza unamkumbuka fulani tuliyekuwa naye S.1, aliyeacha shule muhula wa kwanza? Kwa miaka yote hii mimi nilijua alikosa fizi. Akanyamaza sana. Akasema hapana, fizi ilikuwepo, baba yake alikuwa na lori. Basi. Sikuuliza zaidi. Mama Ibra, maneno yangu ya kwanza nayapunguza.

Mama Ibra – Jumatano, saa 3:05 usiku

Samahani nilipotea, nilisafiri. Nilifanya kama Ticha na Hajati walivyosema. Ile bodingi ya serikali niliifikia jioni saa ya prepu, wakijisomea, bila kuwaambia. Niliuliza matroni analala wapi, S.1 wanalala na nani, kitabu cha matukio kiko wapi. S.1 wana bweni lao, hilo nililiona kwa macho. Wodeni analala mlango wa pili. Kitabu cha matukio kilikuwepo, ukurasa wa mwisho umeandikwa Oktoba. Sijui nifurahi hakuna kesi au niogope hakuna anayeandika. Ile private ya dei nayo nilienda, watoto wanatoka saa kumi na moja, na njia ya kurudi inapita stendi ya teksi kubwa, kuna vijana pale sikuwapenda.

Halafu tukamuuliza Ibra mwenyewe, jambo ambalo naona aibu kwamba hatukulifanya mwanzo. Akasema anataka bodingi. Nilishtuka. Anasema dei wapo watoto wawili wa shule yake ya zamani, wanajua alikuwa anafulia watu soksi. Bodingi hakuna anayemjua.

Dada Asienda (Lira) – saa 3:12 usiku

Mama usimsikilize kwa hilo, ni mtoto, anakimbia aibu. Mbakize.

Esi_Siksi – saa 3:19 usiku

Mimi nasema msikilizeni. Nilijua watoto waliohama shule wakawa watu wengine kabisa. Ila mpeni namna ya kupiga simu ambayo haipitii kwa prifekti. Kwetu simu ya wodeni ilikuwa kwa prifekti.

Hajati wa Kibuli – saa 3:30 usiku

Oktoba mpaka leo ni wavulana gani hao wasiogombana hata mara moja? Hicho kitabu hakiandikwi. Rudi ukaulize.

Mama wa Busia – saa 4:44 usiku

Nami naomba kuuliza hapa hapa, samahani nakatisha. Binti yangu P.4, UPE, hapa mpakani, kuna wasichana wanamsubiri kisimani baada ya shule wanamnyang'anya hela ya mandazi. Ni nje ya geti, hedimasta anasema hayamhusu. Nianzie wapi?

Afande_Mstaafu – saa 4:58 usiku

Anza na huyo huyo hedimasta lakini kwa barua, andika siku na majina, apige muhuri kopi yako ubaki nayo. Ya pili mpe LC1, mwenyekiti wa kijiji, wa hapo kisimani. Ukishapata muhuri rudi hapa utuambie amesema nini.